Saunani Hatugombani

Asubuhi ile Irja alisikia upatu kabla hajafika mlangoni. Ngwaaa! Akasimama palepale kwenye theluji, kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi, akamgeukia shoga yake.

"Terttu, umesikia?"

Terttu akaitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa maneno siku hizi.

"Basi sijarukwa na akili," Irja alisema.

Ngwaaa! tena. Na sauti ilikuwa inatoka saunani. Upatu, jamani, saunani! Katika sauna, chumba cha kuogea mvuke, ya chama cha waogeleaji wa baridi cha Hylkeniemi, ambako hata kikohozi mtu hukibana mpaka atoke nje, leo kunapigwa upatu kama kuna harusi.

Wakaingia. Chumba cha kubadilishia nguo kilijaa mabegi mapya na viatu vya bei mbaya. Vigingi vyao viwili vya karibu na dirisha, ambavyo Irja na Terttu walitundikia nguo zao tangu walipokuwa na meno yao yote, vilikuwa vimetundikwa majoho meupe ya watu wengine. Hapo Irja alihisi damu inaanza kuchemka, na bado hajavua hata glovu.

Mlango wa sauna ukafunguka. Akatoka kijana mrefu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, upatu mkononi, tabasamu usoni.

"Karibuni sana, akina mama! Mmejiandikisha?"

"Tumejiandikisha kuzaliwa," Irja alijibu. "Wewe ni nani?"

Alikuwa anaitwa Joakim, wa kampuni ya Pumzi na Barafu, ametoka Helsinki. Akaeleza kwa upole, kama mtu anayeongea na wagonjwa, kwamba asubuhi zote za siku za kazi sasa ni za kampuni. Kwanza majaribio ya mwezi mmoja, kisha moja kwa moja. Mwenyekiti Heimo amekubali. Wanachama wanaweza kuja jioni. Lakini leo, kwa kuwa akina mama hawa wawili wamekwisha kufika, watakaribishwa kama wageni.

Wageni! Irja alitaka kumwambia maneno mawili matatu ambayo yangemnyoosha zile ndevu, lakini akaona Terttu ameshakaa kwenye benchi anavua viatu vya theluji. Akanyamaza. Kama Terttu anavua viatu, basi dunia nzima na ingoje.

Maana mambo ya Terttu yalikuwa hivi. Mumewe, Onni, alianguka mwezi wa tisa akiwa anapasua kuni, akafa kabla shoka halijapoa mkononi. Waliishi pamoja tangu ujana, hawakujaliwa mtoto. Baada ya mazishi Terttu alifunga mapazia, akakaa. Irja alimpelekea supu ya samaki. Kesho yake akaikuta vilevile, imeota ngozi juu. Akampelekea nyingine. Vilevile. Daktari akampa dawa, akaziweka kabatini. Terttu alikuwa anakwisha mbele ya macho ya Irja, na Irja si mwanamke wa kukaa akatazama mtu anakwisha. Baridi ilipoanza kukaza, bahari ikashika barafu, akaenda akamkamata mkono: "Inuka. Hata kama ni kukuburuta."

Akamwingiza saunani, akamkalisha karibu na jiko mpaka akawa mwekundu, kisha akampeleka gatini, penye tundu ambalo wanachama hulitoboa kwenye barafu na kulichunga lisifunge. Terttu akashuka ngazi. Maji yalipomfika shingoni, akapiga ukelele mmoja: "Onni!" Basi. Akapanda, akarudi kwenye joto, akatetemeka, akalia mpaka akamaliza. Halafu akanywa kahawa na kula mkate wa iliki mzima, na Irja akageuka dirishani ili asionekane machozi.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo dawa. Kila asubuhi sauna, ngazi, maji, jina la Onni mara moja, kisha sauna tena na kahawa. Siku ambayo Terttu aliogelea, alikula. Siku ambayo hakuogelea, hakula. Irja hakuhitaji daktari kumfafanulia hilo.

Sasa asubuhi ya upatu, Terttu alitoka saunani akaenda gatini kama kawaida yake, taratibu, macho chini. Kule nje watu wa majoho meupe walikuwa wamejipanga na simu zao, wanapigana picha. Joakim alisimama ukingoni na saa.

"Mama, pumua kwa pua! Tabasamu! Baridi ni mwalimu!"

Terttu akashika ngazi. Maji yakamfika magotini. Akafungua mdomo, na Irja, aliyekuwa nyuma yake na taulo, alijua jina lipi linakuja.

"Vizuri sana, mama! Achilia! Achilia huzuni yote!" Joakim akapiga upatu, ngwaaa, na wale watu wakapiga makofi.

Wakapiga makofi! Mjane anataka kumwita mumewe aliyekufa, wao wanampigia makofi kama mtoto aliyejifunza kwenda chooni!

Terttu akafunga mdomo. Akapanda ngazi, maji hayajafika hata mapajani. Akaenda akavaa nguo juu ya ngozi yenye maji, akaondoka. Chupa ya kahawa ikabaki benchini haijafunguliwa.

Irja hakuoga. Alikwenda moja kwa moja kwa Heimo, theluji inapasuka chini ya viatu vyake.

Heimo alikuwa mstaafu wa kampuni ya bima, mtu nadhifu, ambaye uenyekiti wa chama aliupata kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Irja alimkuta nje ya nyumba yake anasukuma theluji na koleo pana.

"Heimo, nani alikuruhusu utoe asubuhi zetu?"

"Habari za asubuhi na wewe, Irja." Akaegemea koleo lake. "Ninyi ndio mlioniruhusu. Nilitangaza Jumamosi. Ulikuwepo."

"Wapi?"

"Saunani. Nikaeleza mpango wote, nikauliza kuna mwenye pingamizi. Mlinyamaza nyote. Kalervo alinyamaza, wewe ulinyamaza, hata yule mkewe Kalervo ambaye hanyamazi popote alinyamaza."

"Heimo! Saunani!"

"Sasa chama kinakutana wapi kingine? Tukiitisha mkutano ukumbini anakuja paka tu. Saunani mnakuja wote."

Ona ujanja wa mtu huyu! Alijua vizuri anachokifanya. Kwa watu wale, saunani mtu anakaa kama kanisani. Hasira unaitundika kwenye kigingi pamoja na suruali, ukitoka unaivaa tena ukipenda. Mama yake Irja aliwahi kumchapa kwa yale matawi ya mti ambayo watu hujipigia mvukeni wakioga, si kwa sababu alimpiga mdogo wake, ila kwa sababu alimbishia kwenye mvuke. Hakuna anayegomba humo, awe hakimu, awe mlevi. Na Irja alikumbuka vizuri Jumamosi ile. Alimsikia Heimo anayasema maneno yake, moyo ukaruka, akaumeza ulimi. Akajisemea, huyu nitamkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo nimpe zake. Akaenda kwanza kuzama baharini, aliporudi Heimo ameshavaa, ameondoka. Na wenzake wote walifanya vilevile. Kila mmoja akarudi kwake anaamini mwingine atasema.

"Ulitunyang'anya kwa heshima yetu wenyewe," Irja alisema.

"Kimya ni jibu, Irja. Paa linavuja, kampuni italitengeneza. Wazee wachache wa asubuhi hawawezi kuzuia chama kisiendelee."

"Terttu haendi jioni. Jioni pamejaa watu, hawezi kuoga mbele ya umati. Na asipooga hali."

"Terttu atazoea. Watu huzoea." Akainua koleo lake. "Lakini mimi si dikteta. Una pingamizi, lilete Jumamosi. Palepale saunani." Na akatabasamu, shetani yule, kwa sababu alijua hawezi kulileta.

Irja aliondoka masikio yanawaka. Njia nzima aligombana na Heimo kwa sauti, mpaka mbwa wa jirani akaanza kumjibu. Lakini hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, na yeye hakutaka kumpa Heimo furaha hiyo.

Terttu hakufungua mlango. Si siku ile, si iliyofuata. Irja akawa anainama kwenye tundu la barua la mlangoni anaita kupitia humo, majirani wanapanda na kushuka ngazi wanamtazama makalio.

"Terttu! Nimeleta mikate ya iliki!"

"Iache," sauti ikatoka mbali.

Akaitundika kwenye kitasa. Kesho yake mfuko ulikuwa palepale, umejaa vilevile. Irja akausogeza, akainama.

"Sikiliza, bibi wee. Mimi Jumamosi namkaanga Heimo."

Sauti ikatoka tena mbali: "Usigombane saunani, Irja."

"Sigombani. Nitamchapa kwa fimbo yake mwenyewe. Aliuliza nani anapinga, watu wakanyamaza. Na mimi nitauliza nani anapinga. Njoo uone."

 Irja akapiga teke mlango kidogo, si kwa ubaya, akaondoka. Mikate akaiacha.

Jumamosi ikafika. Jioni za Jumamosi wanachama huoga pamoja, wanaume na wanawake, wamevaa nguo za kuogelea. Irja aliwahi kuliko wote akakaa kando ya jiko, mahali pa mwenye kata na ndoo ya mbao, maana anayekaa pale ndiye anayemwagia maji mawe ya moto yaliyo juu ya jiko. Watu wakaingia mmoja mmoja, wakakaa kwenye mabenchi ya ngazi, kila mtu kwa kimo anachoweza kuvumilia, maana juu ndiko kwenye joto kali. Mzee Kalervo, aliyekuwa nahodha wa meli za kuvuta meli, juu kabisa. Mkewe pembeni yake. Heimo juu pia, na kikofia chake cha manyoya cha kukinga masikio.

Halafu mlango ukafunguka tena, akaingia Terttu.

Alikuwa amekonda kwa siku chache zile. Mifupa ya mabega imesimama. Hakumsalimu mtu, akakaa benchi la chini kabisa, magoti pamoja. Irja nusura adondoshe kata ndani ya ndoo.

"Niongeze?" aliuliza, kama inavyoulizwa siku zote.

Hakuna aliyesema hapana. Watu wale hawasemi hapana hata masikio yakiungua. Akamwaga. Mawe yakalia, mvuke ukapanda ukawashika mabegani.

"Niongeze tena?"

Kimya. Akamwaga.

Kisha Irja akasema kwa sauti ya chini kabisa, ya kanisani: "Bwana mwenyekiti, nina pendekezo. Asubuhi zirudi kwa wanachama, na upatu urudi Helsinki. Je, kuna mwenye pingamizi?"

Mtu mmoja akacheka puani. Jasho likadondoka. Irja akangoja. Alitazama benchi la juu akaona Heimo amefumba macho, na akaanza kusikia utamu wa ushindi.

"Lipo," Heimo alisema. Hakufungua hata macho. Sauti yake ilikuwa laini kama siagi. "Mimi napinga, kwa heshima zote. Na kwa kuwa kuna pingamizi, pendekezo halikupita. Tufurahie mvuke, jamani. Hapa hatugombani."

Irja alihisi ametiwa kidole cha jicho. Mdomo ulikuwa umejaa maneno, mazuri, makali, ya haki, na hata moja halikuwa na ruhusa ya kutoka.  Akamtazama Kalervo. Kalervo akatazama magoti yake. Akamtazama mkewe Kalervo. Naye akatazama magoti ya Kalervo. Watu wazima, wamepita vimbunga, wamezika watoto, wamekaa pale wanavuja jasho na kumwacha mtu mmoja awanyang'anye sauna yao kwa sababu wana adabu kuliko yeye! Irja aliwachukia wote kwa wakati mmoja, na akajichukia na yeye.

"Heimo."

Terttu alikuwa amesimama.

"Terttu, mama, kaa tu," Heimo alisema. "Usichoke."

"HEIMO!"

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huo ndio uliokuwa mshindo wenyewe. Hakuna aliyewahi kusikia sauti ya namna ile ndani ya zile kuta. Mkewe Kalervo akashika kifua.

"Mume wangu amekufa!" Terttu alipiga kelele. "Amekufa na nyumba imenyamaza! Nikiwasha redio naisikia imenyamaza! Kuna mahali pamoja tu duniani nilipoweza kumwita kwa jina, na pahali hapo umempa mtu wa upatu! Wakanipigia makofi, Heimo! Nafungua mdomo nimwite Onni, wananipigia makofi!"

"Terttu, tafadhali. Saunani hatugom..."

"Nani kakwambia nagombana? Ningekuwa nagombana ungekuwa ndani ya ndoo hii kichwa chini! Unaniambia ninyamaze? Nimenyamaza tangu mwezi wa tisa! Nimenyamaza mpaka nimesahau kula! Wewe ukatukalia humu, ukachukua adabu tuliyofundishwa na mama zetu, ukaifanya mtego wa panya. Huna haya? Onni ndiye aliyepanga haya mawe ya jiko, kwa mikono yake, na wewe ulikuwepo, ulikuwa unamshikia taa. Huna hata haya ya taa?"

 Irja alingoja mtu amwambie Terttu kaa chini, na aliapa moyoni kwamba wa kwanza kusema hivyo atakula kata ya kichwa.

Mzee Kalervo akakohoa. Akakohoa kabisa, waziwazi, saunani.

"Mimi sikukubali Jumamosi ile," alisema.

"Wala mimi," mkewe akadakia. "Nilikwambia usiku kucha, Kalervo, sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Wala mimi," mtu mwingine akasema kutoka pembeni. Na mwingine. Benchi kwa benchi.

Heimo akavua kikofia chake. Uso ulikuwa mwekundu kupita joto la mle ndani. "Sasa kama hamkukubali, mbona hamkusema?"

"TULIKUWA SAUNANI!" wakamjibu wote kwa pamoja, mpaka kioo cha mlango kikatikisika.

Terttu akanyoosha mkono kwa Irja bila kumtazama. Irja akampa kata. Terttu akachota kata ikajaa mpaka inamwagika.

"Niongeze?" aliuliza.

Hakuna aliyesema hapana. Akamwaga. Akachota tena, akamwaga, na tena. Mvuke ukapanda mpaka Kalervo mwenyewe, mzee wa joto, akainamisha kichwa. Heimo alivumilia kwa muda, ana fahari zake, kisha akashuka mabenchi anashika hapa na pale kama mtu mwenye kilevi. Akasimama mlangoni.

"Nitampigia yule kijana," alisema kwa sauti ndogo. "Yalikuwa majaribio tu."

"Mpigie leo," Irja alisema. Na hilo nalo alilisema saunani, kwa sauti ya kutosha. Mama yake amsamehe huko aliko.

Jumatatu, kabla hakujapambazuka, Irja aliamshwa na kishindo mlangoni. Mtu alikuwa anapiga kwa ngumi. Akatoka kitandani miguu mitupu, anatukana, na kabla hajafika akaona tundu la barua limefunguka na vidole viwili vimeingia.

"Irja! Umekufa? Tundu letu la baharini linaganda huko!"

"Terttu? Ni saa ngapi hii, mwanamke wewe?"

"Ni saa yetu. Vaa. Na ile mikate ya iliki uliyotundika mlangoni kwangu..."

Irja akasimama na soksi moja mkononi, anangoja.

"Ilikuwa imekauka kama kuni," Terttu alisema kupitia tundu. "Nimeila yote. Leo ulete laini."